Msiba wa Kwenda Kutembea

Watu wa kwetu husafiri kwa sababu tatu: kuuza, kuuguza na kuzika. Ukimwambia mtu wa Mwanza kwamba unapanda meli kwenda nchi ya watu ili ukatazame tu, ukae kivulini kwao, ule ndizi zao kisha urudi, atakutazama machoni, halafu atakutazama tumboni, halafu atakuuliza huyo mwanamume wa huko anafanya kazi gani. Nayajua haya kwa sababu niliwahi kufanya upumbavu wa kupanga likizo na kuitangaza.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limeshaingia na kukaa kitako. Mitumba ilijaa barabarani, walimu waliuza maandazi darasani, na kila mwenye mtaji wa gunia moja alijiita mfanyabiashara. Jirani yangu alikuwa anakwenda Kampala mara mbili kwa mwezi kuleta vitenge na hakuna aliyemuuliza kitu. Mipaka ilikuwa imefunguliwa kwa vitenge, kwa betri, kwa sabuni, hata kwa vifaranga. Mtoto wa miaka tisa kwenda kupumzika, hilo lilikuwa bado halijaruhusiwa na mtu.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya pamba mjini. Pamba yenyewe ilikuwa imeanza kununuliwa na watu binafsi waliokuja na malori yao na fedha taslimu, na ofisi yetu ikabaki na mihuri. Tulikuwa watu wengi wenye kazi kidogo, na kila wiki kulikuwa na orodha ya watakaopunguzwa ambayo hakuna aliyeiona na kila mtu aliijua. Basi wenzangu wakaacha kwenda likizo. Walikuja kazini na homa zao, wakalaza vichwa mezani ili meza isije ikahamia kwa mwingine. Niliwadharau kwa hilo, na sikujisumbua kuficha.

Binti yangu alikuwa darasa la tatu. Baba yake aliondoka mtoto akiwa hajaota meno, akaenda kwenye dhahabu upande wa Geita, akasema atarudi Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi. Tangu hapo nyumbani kwangu kukawa na sheria moja tu, kwamba hatusemi uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni. Mtoto akivunja kikombe alikuja mwenyewe na vipande mkononi. Mimi nikidaiwa na mama wa maziwa nilitoka mlangoni nikasema sina, sikumtuma mtoto akaseme mama hayupo kama walivyofanya wanawake wengine pale mlimani tulipokaa, kati ya mawe makubwa, ambao Jumapili walikaa viti vya mbele kanisani.

Likizo ya mwezi wa sita watoto wa wenzangu walipelekwa kwa baba zao wakubwa, na wale wenye maduka waliwapeleka wa kwao Nairobi. Wa kwangu alikwenda Kisesa kwa mama yangu. Sasa mwezi wa sita Kisesa si mwezi wa likizo, ni mwezi wa kuchuma pamba. Alikwenda na begi lake dogo, akarudi na vidole vimechanwa na vitumba vya pamba vilivyokauka. Mwaka mmoja nilikuwa namkanda mikono kwa maji ya chumvi, akaniuliza, bila kulia, anataka kujua tu: "Mama, likizo ikiisha ndiyo tunapumzika?"

Niliona aibu. Nilimwambia pale pale, mwakani utapanda meli. Tutakwenda ng'ambo, na huko hutashika pamba wala jembe, hutabeba mtoto wa mtu mgongoni, na sahani yako ataiosha mwingine. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamkumbusha sheria ya nyumba yetu.

Mpango ule niliufanya mwaka mzima. Jumamosi nilipiga chapa barua za watu, za kuomba viwanja na za kulalamikia waliopewa viwanja, nikaweka kidogo kidogo. Nilichagua Kampala kwa sababu meli inakulaza njiani, na usiku unaolala melini ni usiku ambao hukulipia chumba. Tungekwenda daraja la tatu, juu ya mabegi yetu. Tungefikia nyumba ya wageni ya masista, ambako sheria zilikuwa nyingi lakini shuka zilikuwa safi. Chakula cha njiani na cha siku za mwanzo tungebeba wenyewe: mayai ya kuchemsha, dagaa wa kukaanga, na matobolwa kutoka Kisesa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa vikakatwa na kuanikwa mpaka vikauke, chakula ambacho hakijawahi kuharibika wala kumwangusha msafiri. Nyuma ya karatasi zilizoharibika mashineni niliandika siku zetu. Siku ya kwanza kulala mpaka tuamke wenyewe. Siku ya pili kutazama barabara zao. Siku ya tatu aiskrimu. Siku ya nne wanyama kule Entebbe. Binti yangu aliongeza kwa penseli: siku ya tano, kukaa. Nilimuuliza kukaa wapi, akasema popote, kukaa tu.

Majirani waliposikia walinijia mmoja mmoja na mashauri yao. Mmoja alisema hela hizo ningenunulia bati, kwa sababu bati halirudi na njaa kutoka safari. Mwingine alinishauri nipeleke dagaa magunia mawili niuze, nirudi na vitenge, na hapo ndipo safari itakuwa na kichwa na miguu. Yule jirani wa vitenge aliniletea kabisa orodha ya rangi alizotaka. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza kwa sauti ya huruma, mwanamke peke yake, na mtoto wa kike, melini? Kana kwamba kwa miaka tisa ile mtoto yule alikuwa amelelewa na kikosi cha askari, na leo ndiyo kwanza wanampumzisha. Nilimjibu kwamba peke yangu nimeshaizoea. Aliondoka akinung'unika kwamba nina mdomo, na kwa hilo alisema kweli.

Nilipokwenda kuomba hati ya dharura ya kusafiria, kijana wa dirisha la uhamiaji aliniuliza sababu ya safari. Nikasema kutembea. Akauliza barua ya mwaliko iko wapi. Nikamwambia sijaalikwa na mtu, nakwenda mwenyewe. Akageuka akamwambia mwenzake, "Huyu anasema hajaalikwa," na yule mwenzake akaacha chai yake akaja kuniangalia. Waliniambia nilete kwanza kibali cha mwajiri.

Kibali kilikuwa mikononi mwa afisa utumishi wetu, mzee mpole ambaye miwani yake aliifunga kwa uzi na ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Katika ofisi nzima ndiye mtu pekee niliyemheshimu. Niliijaza fomu kwa mashine, safi, bila kufuta neno, nikampelekea Ijumaa asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti." Akasoma, akarudia kusoma. "Matembezi. Kuna nini Kampala?"

"Sijui, mzee. Ndiyo maana nakwenda."

"Una mtu huko?"

"Sina."

"Mwanangu, mimi ni kama baba yako. Kama kuna jambo, sema tu."

"Hakuna jambo, mzee. Nataka mtoto apumzike."

Akavua miwani, akaisugua kwa tai yake. "Mkubwa akiliona neno hili," akasema, "atauliza, mtu mwenye nafasi ya kutembea tunamlipa ya nini? Na orodha unajua iko mezani kwake. Wewe una mtoto. Hebu niambie, katika wazee wenu, nani yuko mbali kidogo?"

"Wote wako Kisesa, na wote wazima."

"Basi tuseme mama mdogo," akasema kwa upole. "Mama mdogo hana madhara."

Akachukua kalamu, akalikata lile neno langu kwa mstari ulionyooka, juu yake akaandika: msiba wa mama mdogo. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake. Niliitazama kalamu yake ikienda mpaka mwisho. Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Nilijiambia kwamba mwandiko ni wake, na kwamba katika jambo lile mdomo wangu haukutoa uongo hata mmoja. Niliendelea kujiambia hivyo kwa siku mbili.

Kibali kilisainiwa kabla ya chai ya saa nne. Kule dirishani, yule kijana aliposoma neno msiba alisimama, akanitafutia kiti, akaniomba radhi kwa kunisumbua siku zile. Hati ilitoka mchana huo huo, na jina la mtoto likaandikwa ndani yake. Nilipanda mlimani nikiwadharau wote, mzee, mkubwa na kijana, nchi nzima isiyoweza kumruhusu mtu kuvuka maji mpaka kwanza amuue ndugu. Nilimwambia binti yangu hati zimepatikana. Jinsi zilivyopatikana sikumwambia.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtu aliyezaliwa kwetu hana haki ya kulisahau. Kibali cha likizo kinaishia kwenye faili, lakini kibali cha msiba hakiishii hapo. Mzee wa watu, kwa moyo wake mwema, alikuwa amefanya kama anavyopaswa kufanya afisa utumishi: alibandika tangazo ubaoni. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Kwangu wa mbali waliingia kwanza, na mfiwa walimkuta anafua gauni la safari la mwanawe.

Saa tisa alasiri gari la ofisi lilisimama chini ya mawe yetu, likashusha turubai, mabenchi, sufuria mbili kubwa na watu zaidi ya ishirini. Wale wale waliokuwa wanalalia meza zao kwa homa walizitupa siku hiyo bila woga, kwa maana msiba hauna orodha. Wanaume walifunga turubai kwenye jiwe kubwa la mbele. Wanawake walinipokea ndoo mkononi, wakanikalisha kwenye mkeka, wakanifunika khanga mabegani. Nilifungua mdomo. Kila nilipoufungua walisema, "Usiseme kitu, dada, tunajua," wakanipa maji.

Walikuta mayai yangu wakayala. Walikuta matobolwa ya siku nane wakayatafuna kama karanga, wakisifu kwamba nyumba hii inajua kupokea wageni hata katika majonzi. Mama wa masjala, ambaye kazini alikuwa hawezi kutafuta faili moja kwa asubuhi nzima, pale alikuwa mkubwa wa shughuli: alijua nani apike, nani alie, nani akae karibu na mlango. Alimvuta binti yangu akamkumbatia kwenye kifua chake kikubwa.

"Pole, mwanangu. Bibi yako ametutoka."

"Bibi yupi?" mtoto akauliza.

"Yule wa Uganda."

"Sina bibi wa Uganda."

"Hakuwahi kumwona, maskini," mama wa masjala akawaambia wenzake, na wakalia upya.

Alijinasua akanijia mkekani, akaingiza kichwa ndani ya khanga yangu. "Mama, nani kafa?"

"Hakuna."

"Mbona wanalia?"

"Ni watu wa ofisini."

"Waambie basi."

"Nitawaambia," nikasema.

Sikuwaambia. Meli ilikuwa Jumapili mchana, na leo ni Ijumaa. Nikisimama kusema ukweli, mzee mwema atakuwa ameghushi fomu, mkubwa atakuwa amedanganywa, kibali kitafutwa na jina langu litapanda juu ya orodha. Kwa hiyo nilinyamaza, nikawadharau kimoyomoyo kwa kula mayai. Kunyamaza nako nilikuwa bado sikuiti uongo.

Kisha ikaja habari ya wawakilishi. Ofisi haiwezi kumwacha mfiwa akavuka ziwa peke yake, lazima wawili wamsindikize mpaka makaburini. Kufa kufaana. Watu ambao wiki nzima hawakuweza kuona kuna sababu gani ya kwenda Kampala, sasa waliiona vizuri sana, maana nauli ilikuwa ya ofisi. Karani wa stoo alikumbuka kwamba yeye na mimi tulianza kazi mwezi mmoja. Dereva mmoja wa Buhongwa aliapa kwamba hajawahi kukosa kuzika. Walibishana chini ya turubai kwa heshima zote, kwa sauti za chini za matanga, huku macho yakiwaka. Mwisho walichaguliwa dereva na mama wa masjala, na kabla chai haijapoa yule jirani wa vitenge alikuwa ameshahamishia orodha yake kwao.

Nilimwona binti yangu amekaa juu ya begi letu, anawasikiliza. Alikuwa hajauliza tena. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja wanavyobadilisha nyuso, wanavyotoka kucheka kule jikoni na kuja na machozi mkekani, na niliona kwamba anajifunza.

Wanawake walilala kwangu. Kesho yake, Jumamosi, saa tatu asubuhi, nikasikia sauti chini ya mawe.

Mama yangu hakuwa mwanamke wa kelele. Alimzika baba yangu bila kupiga yowe, kwa hiyo ilinichukua muda kujua kwamba sauti ile ni yake. Utingo wa lori la pamba alipita Kisesa akampigia kelele kutoka juu ya mzigo kwamba kwa binti yake mjini kuna msiba, na lori likaenda. Hakumwambia wa nani. Mama hakuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu katika nyumba ile tulikuwa wawili tu. Hakungoja gari. Alitembea, akapata lifti ya baiskeli, akatembea tena, na njia nzima alikuwa anajiuliza ni yupi kati yetu, na alipofika chini ya mlima na kuona turubai alikuwa ameshaamua ni mjukuu. Alipanda kwenye mawe yale akimwita kwa jina, kwa Kisukuma, kama anavyoitwa mtoto aliyepotea shambani.

Binti yangu alitoka mlangoni na kikombe cha uji. "Shikamoo, bibi," akasema.

Mama alikaa chini pale pale alipokuwa. Hakuanguka, alikaa, juu ya jiwe, kilemba kimemfunguka. Mtoto alipomfikia, mama alimshika kichwa, akamshika mabega, akashuka mikononi, akamgusa kidole kimoja kimoja. Halafu akanyanyua macho akaniona mimi nami mzima mlangoni. Nilitaka ardhi ipasuke. Hapo sikuwa na dharau ya mtu yeyote, nilikuwa na mama yangu tu amekaa juu ya jiwe na miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

"Nani kafa?" akauliza. Na watu wote chini ya turubai wakanigeukia.

Nilimshika mkono nikamwingiza chumbani, mtoto akatufuata. Nilimweleza yote kwa kunong'ona. Alinisikiliza akiwa anafunga kilemba upya, taratibu.

"Ulitaka kutembea," akasema nilipomaliza. "Si ungesema?"

"Nilisema, mama. Nilisema kwa mdomo na kwa mashine."

"Na walipoandika hiki kingine, ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Alinitazama. Mama yangu ndiye aliyenifundisha kwamba mwongo na mwizi wanalala kitanda kimoja. Nilidhani atanipiga kofi, na ningelipokea kwa shukrani.

"Watu wamelala chini kwa ajili yako," akasema. "Wameacha watoto wao. Siwezi kutoka nikawaambia wamelia bure. Na huyu," akamwangalia mjukuu wake, "ameshafunga begi."

Akatoka. Nilimsikia kutoka chumbani akipokea pole, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti niliyokuwa siijui. Aliketi kwenye mkeka, akaweka kiganja shavuni, akainamisha kichwa, akawasimulia habari za mdogo wake aliyeolewa ng'ambo. Alimpa ugonjwa. Alimpa watoto watano na mume mkorofi kidogo. Alilia kweli. Nadhani alikuwa anayamwaga yale machozi aliyokuja nayo kutoka Kisesa, kwa kuwa yalikuwa yameshaiva na hayakuwa na pengine pa kwenda.

"Amezikwa jana," akamalizia. "Watu wa kule alikoolewa hawangoji. Binti yangu anakwenda kuonyesha uso tu."

Mama wa masjala alikuwa ameshasuka nywele za safari. "Sasa sisi wawakilishi, mama?"

"Nyinyi mtatuwakilisha kwa sala," mama akasema.

Kufika adhuhuri mabenchi yalikuwa yameshapakiwa garini. Msiba ambao maziko yake yameshapita, na hauna safari ndani yake, hauna ladha tena. Dereva alilifungua turubai kwa hasira akakata kamba moja. Mzee wa utumishi, aliyekuwa amekuja kwa miguu kunipa mkono, peke yake aliondoka kama alivyokuja, kwa upole, akiniambia nimlinde mtoto na upepo wa ziwa. Hakunikonyeza wala hakunitazama kwa siri. Naamini kufikia hapo hata yeye alikuwa amemwamini marehemu.

Mama alitusindikiza bandarini Jumapili na sufuria ya viazi vya kuchemsha, maana matobolwa yalikuwa yamekwisha. Alimwambia mjukuu wake asiiname kwenye vyuma vya meli, akaniambia mimi nirudi salama, akageuka kuwahi gari la Kisesa, kwani pamba ilikuwa inaanguka shambani.

Tulitandika khanga kwenye sitaha, kati ya matenga ya nyanya na mama mmoja aliyekuwa na kuku sita. Meli ilipoachana na gati mtoto alinisogelea.

"Mama, bibi alisema uongo?"

"Bibi alitusaidia."

"Na wewe?"

"Mimi sikusema kitu." Nikaona jibu hilo halitoshi hata kwangu. "Sikiliza. Yale yalikuwa ya kule. Tukifika ng'ambo tutasema ukweli, kwamba tumekuja kutembea. Huko hakuna anayetujua."

Akafikiri. Akasema sawa. Halafu akalala kifudifudi kutazama visiwa, akala viazi viwili, na kwa saa nzima hakufanya kazi yoyote ya mtu yeyote. Nilimtazama nikasema moyoni kwamba nimeshinda. Njia nzima nilikuwa nalifanyia mazoezi neno langu, kutembea, jinsi nitakavyolisema, kwa kichwa juu, bila kuomba radhi.

Tulishuka Port Bell, bandari ya Kampala, asubuhi. Mbele yetu foleni ilikuwa ya wafanyabiashara, na mizigo yao ilikuwa inachanwa: gunia la dagaa linamwagwa chini, bunda la vitenge linakatwa kamba, mtu anasihi, mtu anatukanwa. Yule mama wa kuku alikuwa analia kweli, pasipo mkeka na pasipo wa kumshika bega. Tulifika mezani. Afisa alikuwa mtu mrefu, macho yamechoka. Alikwisha weka mkono juu ya zipu ya begi letu.

"Munakuja kufanya nini huku?"

Nilivuta pumzi. Kabla sijaitoa, binti yangu alikuwa ameshaweka kiganja shavuni na kuinamisha kichwa.

"Tumekuja kuzika," akasema.

Yule afisa aliondoa mkono kwenye begi. Akamtazama mtoto, akasema pole sana, mwanangu, na alimaanisha. Kisha akanigeukia mimi, kalamu imekaa tayari juu ya karatasi.

"Aliyekufa ni nani wako?"

Nyuma yangu gunia lingine lilichanwa. Mtoto alikuwa amenyanyua macho ananitazama, bila woga wowote, anangoja. Ningesema ukweli, mwongo pale mezani angekuwa yeye, mbele ya askari, katika nchi ya watu, siku ya kwanza ya likizo yake.

"Mama mdogo," nikasema.

Muhuri uligongwa mara mbili. Tulitoka nje kwenye jua, nikatembea hatua kadhaa bila kuona ninakokwenda, ndipo nikasikia mkono wake mdogo unaingia kwenye wangu na kunibana vidole.

"Umesema vizuri, mama," akaninong'oneza.